Ruta Imesema, Seva Haikusikia

Faili tupu huwapoteza mafundi wa mtandao kuliko faili lililojaa makosa. Lililojaa makosa linakupa pa kuanzia. Tupu lina maana mbili zinazopingana: ama hakuna lililotokea, ama yametokea mengi na hakuna aliyekuletea habari. Fundi aliyechoka huchukua ile maana ya kwanza, akafunga kompyuta na kwenda zake nyumbani. Sura hii inahusu ile ya pili: jinsi ya kufuatilia ujumbe wa kumbukumbu tangu unapotoka kwenye ruta ya tawi mpaka unapoandikwa kwenye diski ya seva ya makao makuu, na kujua ulipopotelea.

Tuchukue mtandao wa aina iliyozoeleka Nyanda za Juu Kusini. Makao makuu yako Mbeya mjini. Matawi yako Tukuyu, Tunduma na Iringa. Inaweza kuwa SACCOS, hospitali, chuo au kampuni ya malori, kwa fundi mambo ni yaleyale. Kila tawi lina ruta moja na swichi moja au mbili. Mbeya kuna seva ya Linux iliyopewa kazi ya kupokea kumbukumbu za vifaa vyote. Tunduma iko kilomita mia na ushei kwa barabara ya Zambia, na foleni ya malori ya pale mpakani kila dereva anaijua. Iringa ni zaidi ya kilomita 300. Tukuyu ni karibu, lakini iko chini ya Mlima Rungwe, kwenye eneo linalopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua hiyo huja na radi. Kwa hiyo tatizo la ruta ya tawi halimalizwi kwa kuingia chumba cha pili kuangalia taa. Ni nauli, ni siku nzima ya kazi, na mara nyingine ni kulala hukohuko.

Ruta yenyewe ina kumbukumbu zake, ila hazidumu. Ruta za MikroTik, ambazo utazikuta katika ofisi nyingi ndogo kwa sababu ya bei yake, kwa kawaida huweka mistari 1,000 tu kwenye kumbukumbu ya muda. Mstari wa 1,001 unafuta wa kwanza, na umeme ukikatika yote yanapotea. Sasa umeme kukatika ndiyo habari tunayoitaka kuliko zote. Kuna na sababu ya pili ya kuzituma Mbeya. Mtu aliyeingia kwenye ruta kwa nia mbaya anaweza kufuta alichokifanya kwa amri moja, lakini nakala iliyokwishafika Mbeya hawezi kuigusa. Mwaka 1986 Clifford Stoll, mwanaastronomia aliyekuwa akisimamia kompyuta katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, alianza kufuatilia upungufu wa senti 75 kwenye hesabu za matumizi ya kompyuta, na upungufu huo ukamfikisha kwa mdukuzi aliyekuwa Ujerumani. Aliunganisha printa kwenye laini alizopita yule mtu, kila alichoandika kikatoka kwenye karatasi. Rekodi za ndani ya kompyuta mdukuzi angeweza kuzifuta, karatasi hakuwa na njia ya kuifikia. Seva ya kumbukumbu inafanya kazi ya ile printa.

Itifaki inayotumika karibu kila mahali inaitwa syslog. Aliyeianzisha ni Eric Allman, wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa anatengeneza programu ya barua pepe ya Sendmail na akihitaji mahali pa kuandika mwenendo wake. Programu nyingine zikaona inafaa, zikaidandia. Watengenezaji wa ruta nao wakaifuata, kila mmoja kwa namna yake, na hakuna aliyeandika kanuni. Waraka wa kwanza wa kuieleza, RFC 3164, ulitoka Agosti 2001, na ulichofanya ni kueleza yale ambayo vifaa vilikuwa vinafanya tayari. Kiwango chenyewe rasmi, RFC 5424, kilitoka Machi 2009. Nayataja haya kwa sababu fundi anayedhani vifaa vyote vinazungumza syslog moja atasumbuka bure. Viwili vya kampuni tofauti, vimewekwa kwenye kabati moja, vinaweza kutuma tarehe kwa mitindo miwili, na kimoja kisitume jina lake kabisa.

Utazame ujumbe mmoja kwa karibu, kama ruta ya Cisco ya Tunduma inavyoutuma:

<187>482: *Mar 1 00:04:12.331: %LINK-3-UPDOWN: Interface GigabitEthernet0/1, changed state to down

Namba ya mwanzo, 187, ina mambo mawili ndani yake. Igawe kwa 8: unapata 23, inabaki 3. Hiyo 23 ni kundi la mtumaji, linaloitwa local7, ambalo Cisco hulitumia usipolibadilisha. Hiyo 3 ni uzito wa jambo. Uzito unaanzia 0, yaani mfumo hautumiki kabisa, mpaka 7, maelezo ya uchunguzi tu. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo jambo linavyokuwa kubwa. Ile 482 ni namba ya mfuatano. Ukiona 482 halafu 489, jua kuna ujumbe sita haukufika, na hiyo peke yake ni sababu ya kuiwasha kwenye kila ruta inayoweza. Kisha nyota kabla ya tarehe. Wengi huipita bila kuiona. Inasema kwamba ruta haina uhakika na saa yake. Na tarehe yenyewe, 1 Machi, dakika nne na sekunde 12 baada ya usiku wa manane, ni tarehe ambayo ruta hizo nyingi za zamani huanza nayo zinapowaka bila kujua ni lini. Maana yake ruta hii iliwaka dakika nne zilizopita. Mstari unalalamikia poti, lakini pembeni unakuambia kwamba huenda Tunduma umeme ulikatika na kurudi.

Sasa seva iko kimya. Ruta ya Iringa haijaandika chochote tangu wiki iliyopita. Uanzie wapi?

Kwanza elewa njia. Kwa kawaida ujumbe wa syslog unasafiri kwa UDP kwenda poti 514. Kutuma kwa UDP ni sawa na kumpa kondakta wa basi la Tunduma kifurushi bila risiti na bila namba ya simu ya mpokeaji. Kikifika, vizuri. Kisipofika, hakuna atakayekupigia. Ruta haijui kama seva ipo, kama imezimwa au kama ilihamishwa mwaka jana. Inatuma tu, na kwa upande wake kazi imekwisha. Kwa hiyo kuitazama ruta na kuona haina malalamiko hakukusaidii kitu.

Dawa ni kuikata njia katikati na kuuliza swali moja: pakiti inafika mlangoni mwa seva au haifiki? Kwenye seva andika tcpdump -n -i any udp port 514, uache inasubiri. Halafu mwambie aliye Iringa atengeneze tukio. Kwenye Cisco inatosha kuingia kwenye mipangilio na kutoka, ujumbe wa %SYS-5-CONFIG_I utatoka wenyewe. Au atumie amri ya send log. Kwenye MikroTik aandike /log info "jaribio Iringa". Usisubiri tukio la kweli litokee. Nimeona watu wakikaa mchana kutwa wakiangalia skrini wakingoja ruta iseme, nayo haikuwa na la kusema.

Jibu la swali hilo linakuondolea nusu ya kazi. Pakiti isipoonekana, seva haina hatia, liache faili la rsyslog.conf kama lilivyo na urudi kwenye ruta na njia. Ikionekana lakini faili bado tupu, ruta na mkongo havina hatia, usimsumbue tena mtu wa Iringa.

Tuseme haionekani. Kitu cha kwanza cha kuangalia kinachosha kwa urahisi wake: je, ruta imeambiwa itume? MikroTik huja na kitendo cha kutuma mbali kilichokwishaandikwa, ila anwani yake ni 0.0.0.0, na hata ukiweka anwani sahihi, hakuna mada yoyote inayoelekezwa huko mpaka uongeze kanuni. Watu huweka anwani, wakaridhika, wakaondoka. Cisco inahitaji logging host yenye anwani ya seva na kiwango cha uzito.

Kiwango hicho kinahitaji kufikiriwa. Kuna ushauri unaozunguka sana kwamba uweke warnings, yaani 0 mpaka 4, ili seva isijae. Angalia unachokipoteza. Ujumbe wa Cisco wa mtu aliyekosea nywila una uzito wa 4. Wa mtu aliyefanikiwa kuingia una uzito wa 5. Wa mtu aliyebadilisha mipangilio, 5 pia. Kwa hiyo kwenye warnings utawaona wote walioshindwa kufungua mlango, na yule aliyefungua akaingia hutamwona, wala alichohamisha humo ndani. Kwangu mimi huo si ulinzi. Weka informational, yaani 6, kisha kama kuna ujumbe unaopiga kelele bila sababu, uchuje kwenye seva, ambako unaweza kubadili mawazo kesho.

Sasa tatizo ambalo kwa mitandao ya matawi ndilo la kukaa nalo kuliko mengine yote: anwani ya mtumaji.

Tawi la Iringa limeunganishwa na Mbeya kwa njia ya siri ya IPsec juu ya intaneti ya kawaida. Wafanyakazi wa Iringa wanafungua mfumo wa Mbeya bila shida. Ukikaa kwenye kompyuta ya mhasibu wa Iringa na kuiping seva ya kumbukumbu, inajibu. Kila mtu anakubali kwamba mtandao unapita. Lakini ujumbe wa ruta haufiki. Kwa nini? Kwa sababu njia ya siri imeambiwa ibebe pakiti zinazotoka mtandao wa ndani wa Iringa kwenda mtandao wa ndani wa Mbeya. Kompyuta ya mhasibu iko kwenye mtandao wa ndani, pakiti yake inapita. Ruta inapotengeneza ujumbe wake yenyewe huchukua anwani ya poti ambayo pakiti inatokea, na poti hiyo ni ile ya nje, yenye anwani iliyotolewa na mtoa huduma. Pakiti hiyo hailingani na masharti ya njia ya siri. Inatoka wazi kwenye intaneti ikielekea anwani ya ndani kama 10.10.1.20, ambayo kwenye intaneti haina kwao, na inatupwa na ruta ya kwanza yenye akili. Hakuna anayeandika popote kwamba imetupwa.

Tiba ni mstari mmoja: logging source-interface ikifuatiwa na jina la poti ya ndani, au bora zaidi Loopback0, ambayo haizimiki waya ukichomoka. Ukichagua Loopback0, hakikisha anwani yake imo kwenye masharti ya njia ya siri na ruta za Mbeya zinaijua, usije ukahamisha tatizo. Kwenye MikroTik ni src-address katika kitendo kilekile cha kutuma mbali. Na unapopima kwa ping, pima kutoka kwenye ruta ukitaja anwani hiyohiyo. Ping ya mhasibu imethibitisha njia ya mhasibu tu.

Anwani hiyohiyo ina madhara hata pale ujumbe unapofika. Tawi lenye njia mbili, faiba na redio ya akiba, litatuma kwa anwani moja asubuhi na nyingine jioni pale faiba inapokatika. Seva iliyopangwa kufungua faili kwa kila anwani itafungua faili jipya, na fundi anayeangalia faili la zamani ataona ruta imenyamaza saa ileile ilipoanza kuwa na mengi ya kusema. Na kama faiawoli ya seva inaruhusu anwani zinazojulikana tu, hilo faili jipya halitakuwepo kabisa.

Upande wa seva nitapita haraka zaidi, kwa sababu kule una macho na mikono. Programu inayotumika sana kwenye Linux ni rsyslog, aliyoianza Rainer Gerhards mwaka 2004. Ikiwekwa kwenye Ubuntu au Debian haisikilizi mtandao mpaka uondoe alama ya kuzima kwenye mistari ya imudp. Thibitisha kwa ss -lun: kama poti 514 haimo kwenye orodha, hakuna anayepokea. Kumbuka kwamba tcpdump inaiona pakiti kabla faiawoli haijaihukumu, kwa hiyo kuonekana kwake hakumaanishi imeruhusiwa. Angalia ufw au firewalld. Seva yenye kadi mbili za mtandao ina mtego wake, rp_filter, ambao kwa ukali wa juu hutupa pakiti iliyoingia kwa mlango ambao seva yenyewe isingeutumia kujibu. Hitilafu za mipangilio zitajitaja ukiandika rsyslogd -N1. Diski iliyojaa utaiona kwa df -h. Diski yenye nafasi lakini iliyokwisha idadi ya mafaili utaiona kwa df -i, na hiyo ndiyo huwakuta waliofungua faili kwa kila kifaa kwa kila siku bila kupanga ya kufuta. Kwa MikroTik, washa chaguo la bsd-syslog. Bila hilo ujumbe hauji na kichwa cha kawaida, na seva inaweza kulichukua neno la kwanza la ujumbe ikadhani ni jina la kifaa, ukakuta una kifaa kinachoitwa system,info ambacho hakuna aliyekinunua.

Kuna mtego mmoja wa seva nitakaoutaja kwa kirefu kidogo, kwa kuwa unatega siku mbaya kuliko zote. Kwa kawaida rsyslog hujaribu kugeuza anwani ya mtumaji kuwa jina kwa kuuliza DNS. DNS ikijibu upesi, hutajua. Isipojibu, seva inasubiri, na inaposubiri foleni ya pakiti za UDP inajaa na zinazofuata zinatupwa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Seva ya Mbeya iliyoelekezwa kuuliza majina kwenye DNS ya ng'ambo, siku kama hiyo inaweza kuzibwa masikio isisikie ujumbe wa Tukuyu, ambao haukuhitaji kuvuka bahari hata kidogo. Zima uulizaji huo kwa net.enableDNS="off", au weka majina ya matawi yako kwenye faili la hosts.

Siku ile inafundisha pia mpaka wa kumbukumbu hizi. Waya wa ofisini kwenda kwa mtoa huduma haukuwa na kosa. Ruta ya tawi isingeandika LINK-3-UPDOWN kwa sababu ya kebo iliyokatika baharini, maana kwake poti iko juu na taa inawaka. Ukiona watu wanalalamika na ruta haina neno la poti kushuka, usikimbilie kusema kumbukumbu hazifanyi kazi. Huenda zinakuambia ukweli: tatizo haliko kwako.

Tuje kwenye saa. Mtu wa tawi la Tunduma anapiga simu.

"Kaka, habari za kazi? Jana mtandao ulikata huku, mpaka tukafunga mahesabu kwa mkono."

"Pole sana, dada. Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa mbili usiku. Taarifa ya habari ndiyo ilikuwa inaanza."

Fundi anafungua faili na kutafuta 20:00. Hakuna kitu. Ruta ya Tunduma haikuwekewa saa za Afrika Mashariki, inaandika kwa saa za dunia, UTC, na kwake lile tukio limekaa kwenye 17:00. Mtindo wa RFC 3164 hauandiki mwaka wala ukanda wa saa, kwa hiyo mstari wenyewe hautakudokezea. Na Tunduma ina la ziada. Zambia iko saa moja nyuma yetu, na simu iliyo karibu na mpaka ikinasa mnara wa Nakonde inaweza kujirudisha nyuma yenyewe. Ukimuuliza dada huyo aangalie simu yake akutajie dakika, anaweza kukusomea 19:00 kwa nia njema kabisa. Ile taarifa ya habari ilikuwa shahidi bora kuliko simu.

Weka NTP kwenye kila kifaa bila kubagua, na seva yako ya Mbeya iwe ndiyo inayowapa matawi saa, ili hata intaneti ikikatika wakubaliane wao kwa wao. Amua kama ni UTC au saa za hapa, uandike uamuzi huo ukutani. Halafu kwenye rsyslog hifadhi nyakati zote mbili: ile iliyotajwa na kifaa na ile ambayo seva ilipokea. Zikipishana kwa saa tatu kamili, ni ukanda wa saa. MikroTik ikisema ni Januari 1970, imewaka haijapata wa kumwuliza saa.

Limebaki jambo moja gumu. Ujumbe muhimu kuliko wote, ule wa kusema njia ya Mbeya imekatika, unatakiwa kusafiri kwa njia hiyohiyo iliyokatika. Hautafika. Hata umeme unaporudi, ruta hutengeneza ujumbe wake wa kwanza kabla njia hazijasimama, na hizo pakiti hupotea. Kwa hiyo ukatikaji wa njia ya Tukuyu usiutafute kwenye ujumbe wa Tukuyu pekee. Utafute kwenye ruta ya Mbeya, upande wa pili wa njia hiyo, ambayo ilikuwa na afya na ilikuwa na njia ya kusema. Washa na hifadhi ya ndani kwenye kila ruta, logging buffered kwa Cisco, na kwa MikroTik elekeza makosa makubwa kwenye diski, ili ukifika au ukiingia kwa mbali baadaye ukute kilichobaki. Tawi likiwa na uzito wa kutosha, weka kompyuta ndogo yenye rsyslog palepale tawini, yenye UPS. Ipokee kwa UDP kutoka kwa vifaa vya ndani, iweke kwenye foleni ya diski, na iitume Mbeya kwa TCP njia inaporudi. Ukiweka action.resumeRetryCount="-1" haitakata tamaa.

Wapo wanaosema basi tutumie TCP kuanzia kwenye kifaa chenyewe, tumalize. Kwa ruta nyingi ni sawa, na kwa TLS kwenye poti 6514 unapata na usiri, jambo la maana kwa kuwa syslog ya UDP inasomeka na yeyote aliye njiani, na yeyote anaweza kughushi anwani ya mtumaji. Lakini faiawoli za Cisco za aina ya ASA zina tabia ambayo lazima uijue kabla. Zikiwekewa syslog ya TCP na seva ikawa haipatikani, kwa kawaida zinakataa miunganisho mipya yote, kwa hoja kwamba kisichoweza kuandikwa kisipite. Diski ya seva ikijaa usiku Mbeya na rsyslog ikasimama, asubuhi ofisi nzima haina mtandao na kila mtu anamlaumu mtoa huduma. Kama hutaki hivyo, andika logging permit-hostdown siku ileile unapowasha TCP.

Tena kuna upande wa sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, iangalie jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na ilivyowasilishwa. Kumbukumbu zenye saa zilizopishana, mapengo ya namba za mfuatano na seva ambayo kila mtu ana nywila yake zitakuwa na kazi kubwa ya kujieleza. Na kwa kuwa zimebeba majina ya watumiaji na anwani zao, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu pia. Usizitume kwenye kundi la WhatsApp la mafundi.

Lililo rahisi kuliko yote ndilo linaloachwa: kupanga seva ilalamike inaponyimwa habari. Iambie kila ruta ipeleke mstari mmoja kila saa, hata kama ni neno "nipo", na seva ikutumie ujumbe wa simu tawi lolote likikaa saa mbili bila kusema. Kazi hiyo ni ya mistari michache ya skripti na kazi ya cron.

Kisha ujaribu kwa mkono. Kabla mvua za Novemba hazijaanza, mpigie mtu wako wa Tukuyu, mwombe achomoe waya wa swichi kwa dakika moja na kuurudisha, nawe ukae Mbeya umefungua faili. Kesho fanya hivyohivyo Tunduma, na keshokutwa Iringa. Tawi ambalo mstari wake haukufika, usilifunge kwenye daftari lako mpaka umeuona.